Lugha Haimo Damuni: Kipaji cha Maumbile na Malezi ya Jamii katika Lugha za Mwambao wa Tanga

1. Utangulizi

Waswahili wana methali mbili ambazo zikiwekwa pamoja huonekana kugombana. Moja husema: Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nyingine husema: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ya kwanza huipa asili uzito wote. Ya pili huyapa malezi uzito huohuo. Hata hivyo, mzee mmoja aweza kuzitumia zote mbili katika siku moja wala wasikilizaji wake wasimwone kuwa anajipinga, kwani kila moja ina mahali pake. Wanaisimu na wataalamu wa utamaduni nao wamekuwa katika mvutano wa namna hiyo kwa miongo mingi. Je, lugha ni jambo analozaliwa nalo binadamu, au ni jambo analofunzwa na jamii iliyomzunguka?

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo, likiulizwa hivyo, huchanganya mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Asili humpa mtoto uwezo wa kujenga lugha, pamoja na majira ya kuijenga. Jamii humpa lugha yenyewe. Mtoto hazaliwi na Kidigo, Kibondei wala Kiswahili. Huzaliwa na kipaji cha kuzipata lugha hizo, au nyingine yoyote, iwapo atasemeshwa kwa wakati wake. Hoja hii itafafanuliwa kwa mifano ya mwambao wa kaskazini wa Tanzania, kuanzia Pangani hadi Jasini mpakani, pamoja na nyanda na milima iliyo nyuma yake. Hilo ni eneo ambamo Kiswahili na lahaja zake huishi pamoja na Kidigo, Kisegeju, Kidaiso, Kibondei, Kisambaa na Kizigua.

Suala lenyewe si la darasani tu. Ni jambo la kawaida kumsikia mzazi akisema kwamba mwanawe ataijua lugha ya kabila lake akishakuwa mkubwa, kwa kuwa "imo katika damu". Kama dhana hiyo ni sahihi, basi hakuna haja ya haraka. Kama si sahihi, basi kila mwaka unaopita bila mtoto kusemeshwa lugha hiyo ni hasara isiyofidika kwa urahisi.

2. Mvutano wa kinadharia

Mwanaisimu Edward Sapir, katika kitabu chake cha mwaka 1921 juu ya lugha, alilinganisha kusema na kutembea. Kwa maoni yake, mtoto akitengwa na jamii atatembea, kwani kutembea ni kazi ya maumbile. Lakini hatasema lugha ya wazee wake, kwani lugha ni urithi wa kijamii. Mtoto huyo akihamishiwa katika jamii nyingine tangu kuzaliwa, atatembea kama ambavyo angetembea kwao, ila maneno yake yatakuwa ya walezi wake wapya. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mkabala huu uliungwa mkono na wanasaikolojia wa tabia, na B. F. Skinner aliufikisha kileleni mwaka 1957 alipodai kwamba usemaji wote ni mazoea yanayojengwa kwa kuigwa, kutuzwa na kurudiwarudiwa.

Mwaka 1959 Noam Chomsky alichapisha tathmini kali ya kitabu cha Skinner. Alieleza kuwa mtoto hutamka na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia, na kwamba mifano anayoipata ni michache na yenye kasoro ikilinganishwa na umilisi anaoufikia. Kwa hiyo lazima awe amezaliwa na maandalizi fulani ya akili, ambayo baadaye yaliitwa sarufi bia. Tangu hapo wanaisimu wamegawanyika. Wako wanaoamini kwamba maandalizi hayo ni ya lugha pekee, na wako wanaoyaona kuwa sehemu ya uwezo wa jumla wa binadamu wa kulinganisha, kukumbuka na kusoma nia za wenzake.

Mgawanyiko huo bado upo. Lakini jambo ambalo pande zote mbili hulikubali ndilo lenye umuhimu hapa: hakuna anayedai kwamba mtoto huzaliwa bila kitu chochote akilini, wala hakuna anayedai kwamba huzaliwa na lugha maalumu. Sapir alizungumzia lugha kama Kiingereza au Kiswahili, yaani mali ya jamii. Chomsky alizungumzia kipaji kinachowezesha lugha yoyote. Kwa kiasi kikubwa walikuwa wakijibu maswali mawili tofauti.

3. Kipaji: ushahidi wa Kiswahili

Ushahidi wa kipaji hicho umo katika Kiswahili cha kila siku. Mtoto wa miaka minne au mitano katika mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, husema "vitabu vyangu viwili vimepotea" bila kusita. Katika maneno manne amepatanisha jina, kimilikishi, idadi na kitenzi. Hakuna mzazi aliyemketisha kumweleza ngeli. Wazazi walio wengi wenyewe hawawezi kuieleza kanuni wanayoitumia. Mtoto amesikia mifano, na akili yake imeitoa kanuni.

Neno "kitabu" lenyewe ni funzo. Limetoka katika Kiarabu, ambamo "ki" ni sehemu ya mzizi, wala si kiambishi. Wasemaji wa Kiswahili waliliingiza katika mfumo wao, wakaisikia "ki" hiyo kama ile ya "kiti", wakapata "vitabu". Miaka mingi baadaye, makutano ya barabara yenye mzunguko yalipopata jina "kipilefti" kutokana na maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye kibao, wasemaji walisema "vipilefti" katika wingi. Hakuna baraza lililokaa kupitisha wingi huo. Akili ya msemaji haipokei neno kama gunia lipokeavyo nafaka. Huliuliza neno ni la ngeli gani, kisha hulipa viambishi vyake.

Utafiti wa watoto wadogo unaunga mkono jambo hili. Kamil Ud Deen, katika kitabu chake cha mwaka 2005, alichunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili kama lugha ya kwanza. Aliona kwamba watoto wa umri wa miaka miwili hivi huacha mara nyingi kiambishi cha nafsi au cha wakati katika kitenzi. Lakini ni nadra sana wao kuweka kiambishi cha nafsi kisicho chake. Makosa yao hayakuwa ya ovyo. Walipunguza umbo la kitenzi kwa utaratibu, kana kwamba kuna ramani wanayoifuata.

Hata hivyo, ramani hiyo haifanyi kazi peke yake. Katherine Demuth, aliyechunguza watoto wa Kisotho nchini Lesotho katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba watoto hao huanza kutumia kauli ya kutendwa kabla ya kutimiza miaka mitatu, mapema kuliko ilivyodhaniwa kutokana na utafiti wa watoto wa Kiingereza. Sababu moja ni kwamba watu wazima wa Kisotho huitumia kauli hiyo mara nyingi mno. Kipaji ni kilekile, lakini mazungumzo ya jamii ndiyo yanayoamua ni sehemu gani ya sarufi itakayoiva kwanza.

4. Majira: sikio linalojifunga

Maumbile hayatoi uwezo tu. Hutoa pia majira. Mwaka 1971 Peter Eimas na wenzake walionyesha kwamba watoto wachanga wa mwezi mmoja tu huweza kutofautisha sauti zinazokaribiana, kama "p" na "b". Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Watoto wa miezi sita hivi hutofautisha hata sauti za lugha ambazo hazisemwi kwao, lakini wanapokaribia mwaka mmoja uwezo huo hupungua sana. Sikio huanza likiwa wazi kwa lugha zote, kisha hujifunga taratibu kuelekea lugha inayosikika nyumbani.

Jambo hili lina maana ya pekee katika mkoa wa Tanga. Kisambaa, Kizigua na Kidigo ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti katika silabi ni sehemu ya sarufi yake, na huweza kupambanua maana au umbo la kitenzi. Kiswahili, ambacho ni lugha ya Kibantu kama hizo, kimepoteza toni na badala yake huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Chukulia ndugu wawili waliozaliwa na mama mmoja wa Kisambaa. Mmoja akilelewa Lushoto kwa bibi yake, atakuwa na toni kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Mwingine akilelewa mjini kwa Kiswahili pekee, atakuja kuisikia lugha ya bibi yake kama wimbo ambao maneno yake huyafahamu na mahadhi yake humponyoka. Damu ni moja. Masikio ni mawili.

Mwaka 1967 Eric Lenneberg alitoa hoja kwamba kipindi cha kujipatia lugha ya kwanza kwa wepesi huishia karibu na kubaleghe. Wataalamu wanabishana juu ya mpaka kamili, na wengi wanaona kwamba sauti, sarufi na msamiati havina ukomo mmoja. Msamiati mtu huweza kujifunza maisha yake yote. Lakini ni wachache wanaobisha kwamba utoto una nafasi isiyo na mfano.

Mfano mashuhuri kutoka nje ni wa watoto viziwi wa Nikaragua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 walikusanywa katika shule za mji wa Managua, wakati ambapo nchi hiyo haikuwa na lugha ya alama inayofahamika. Kila mmoja alikuja na ishara chache za nyumbani kwake. Kwa kuchanganyika, watoto hao walizalisha lugha mpya ya alama, na wale walioingia shuleni wakiwa wadogo ndio walioipa sarufi iliyokamilika zaidi kuliko waliotangulia. Mfano huu hubeba pande zote mbili za hoja. Pasipo kipaji, watoto hao wasingeweza kuunda sarufi ambayo mwalimu hakuwafunza. Lakini pia pasipo jamii ya wenzao hakuna aliyeiunda: kiziwi aliyebaki nyumbani peke yake alibaki na ishara zake chache.

5. Wasegeju na Wadaiso: ukoo mmoja, ndimi mbili

Historia ya mwambao wa Tanga inatoa jaribio ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Wasegeju wametajwa katika maandishi ya Wareno tangu karne ya kumi na sita. João dos Santos, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka 1609, alieleza jinsi walivyosaidia kuwashinda Wazimba walipoushambulia mji wa Malindi mwaka 1589. Baadaye walisogea kusini, na masimulizi ya Vumba yanawataja kuwa washirika wa watawala wa huko. Leo wazao wao wanaishi katika vijiji vya pwani kaskazini ya mji wa Tanga, hadi kuvuka mpaka na kuingia Kenya.

Si wote waliobaki pwani. Kundi jingine liko bara kidogo, chini ya milima ya Usambara Mashariki, katika sehemu za Bwiti na Daluni, ambazo leo zimo katika wilaya ya Mkinga. Hawa ndio Wadaiso. Derek Nurse, katika makala yake ya mwaka 1982 na kitabu chake cha mwaka 2000, alilinganisha lugha za makundi hayo mawili na kufikia matokeo yenye uzito. Kidaiso ni ndugu wa Kikamba, Kikuyu na Kimeru, lugha zinazosemwa mamia ya kilomita kaskazini, katika nyanda za juu za Kenya. Kisegeju cha pwani kimekuwa lugha iliyo karibu sana na Kidigo na lahaja za Kiswahili za upande huo. Watu wanaojitambua kuwa wa asili moja wanasema lugha za matawi mawili tofauti ya Kibantu.

Kama lugha ingekuwa damuni, jambo hili lisingewezekana. Wadaiso waliishi kwa sehemu kubwa wao kwa wao, na watoto wao waliendelea kuisikia lugha ya wazee. Wasegeju wa pwani waliishi na kuoana na Wadigo na Wavumba, walivua pamoja nao, na waliswali katika misikiti mimoja nao. Mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya namna hiyo alitumia kipaji kilekile alichokuwa nacho binamu yake wa Bwiti, bali alikitumia juu ya maneno aliyoyasikia. Hakuna aliyepotewa na kipaji. Kilichokatika ni mnyororo wa kusemeshwa.

Ni muhimu vilevile kutambua kwamba jina, masimulizi ya asili na fahari ya ukoo vilibaki. Lugha na utambulisho si kitu kimoja, na kimoja kinaweza kudumu baada ya kingine kuondoka. Hilo huwafariji wengi. Lakini ndilo pia huwafanya wasitambue hasara mapema, kwa kuwa jina likiendelea kutajwa hudhaniwa kwamba na lugha ipo.

6. Wazigua wa Mto Juba: safari ndefu, ulimi mmoja

Mfano wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tisa, hususan katika miaka ya njaa ya 1830 na 1840, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani ya Mrima na kupelekwa kusini ya Somalia, ambako walitumikishwa katika mashamba ya bonde la mto Shebelle. Masimulizi yao husema kwamba walitoroka kwa pamoja, wakiongozwa na mwanamke mwenye maono aitwaye Wanakhucha, wakakusudia kurudi kwao kwa miguu. Hawakufika. Waliweka makazi kando ya mto Juba, msituni.

Bonde hilohilo lilipokea watoro wengine wa asili ya Afrika ya Mashariki: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na wengineo. Wengi wa hao, hasa waliofika baadaye na kuishi mmoja mmoja miongoni mwa Wasomali, waliziacha lugha zao na kuchukua Kimaay, mojawapo ya lugha za Kisomali. Wazigua hawakufanya hivyo. Walikuwa wametoroka wakiwa kundi lenye lugha moja, wakajenga vijiji vyao wenyewe, na kama Francesca Declich alivyoeleza katika tafiti zake, walidumisha ngoma na miviko iliyorithiwa kwa upande wa mama. Mtoto aliyezaliwa katika vijiji hivyo aliikuta lugha kwa mama, kwa nyanya, shambani na ngomani. Kwa takribani miaka 150, bila shule, bila kitabu na bila redio, Kizigua kilisemwa umbali wa mamia ya kilomita kutoka Handeni.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Somalia mwaka 1991, maelfu ya wazao hao walikimbia. Baadhi yao walifika Tanzania, wakapokewa wilayani Handeni, kwanza Mkuyu na kisha Chogo, na katika miaka ya 2000 wengi wao walianza kupewa uraia. Lugha yao ilikuwa imeingiwa na maneno ya Kisomali na kuhifadhi mengine ambayo kwao asili yalikuwa yamefifia, lakini wenyeji waliweza kuelewana nao. Kwa mtu wa kawaida tukio hilo lilionekana kuthibitisha nguvu ya damu. Kwa mwanaisimu lilithibitisha nguvu ya nyanya. Wayao na Wamakua wa bonde lilelile walikuwa na damu ya Kibantu kama Wazigua, na ndimi zao hazikudumu. Tofauti haikuwa katika asili ya watu bali katika mpangilio wa makazi na malezi.

Sehemu nyingine ya wakimbizi hao ilipelekwa Marekani. Kuanzia mwaka 2003 watu wapatao 12,000 wanaoitwa Wabantu wa Somalia walihamishiwa huko kutoka kambi za Kenya, na miongoni mwao wamo wasemaji wa Kizigua. Watoto wao hukutana na Kiingereza shuleni, katika runinga na barabarani. Lugha ambayo utumwa na msitu havikuivunja kwa karne moja na nusu inaweza kutoweka huko katika kizazi kimoja, bila mtu yeyote kuikataza, kwa sababu tu watoto hawakusemeshwa.

7. Kiswahili na wana wa asili nyingi

Kiswahili chenyewe ni shahidi wa tatu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipanda katani huko Kikogwe, karibu na Pangani, kwa miche 62 iliyosalia katika shehena aliyoiagiza. Kutokana na mwanzo huo yalikua mashamba yaliyowavuta Tanga vibarua kutoka pande nyingi za nchi na nje yake. Katika kambi za mkonge Mnyamwezi aliishi mlango kwa mlango na Mmakonde, na Mbena na Mrundi. Wazazi walizungumza Kiswahili cha kazini, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Watoto wao walikichukua Kiswahili hicho na kukifanya lugha ya kwanza, wakizungumza kwa ufasaha ambao wazazi wao hawakuupata. Hapo kipaji cha mtoto kinaonekana kikifanya kazi kama kilivyofanya Managua: hupokea kilichopo na hukirejesha kikiwa kamili zaidi.

Fasihi nayo inasema jambo hilohilo. Utenzi wa vita vya Wadachi vya miaka ya 1888 na 1889 ulitungwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa Tanga ambaye nisba yake ni ya ukoo wa Kiarabu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa wa asili ya Kiyao. Hakuna hata mmoja kati yao aliyerithi Kiswahili kwa nasaba ya mababu wa mbali. Walikirithi kwa kukuzwa ndani yake, na jamii nzima ya wasemaji imekubali kuwa ni mali yao na wao ni wake.

8. Utamaduni: kipi hufunzwa na kipi hujia?

Je, yaliyosemwa juu ya lugha yanahusu pia utamaduni? Yanahusu, lakini kwa vipimo tofauti. Kicheko ni mfano mwafaka. Irenäus Eibl-Eibesfeldt aliwachunguza watoto waliozaliwa wakiwa viziwi na vipofu, akaona kwamba hucheka, hutabasamu na hulia kama watoto wengine, ingawa hawajapata kumwona wala kumsikia mtu akifanya hivyo. Kicheko basi ni cha maumbile. Lakini nani acheke na nani, lini, na kwa jambo gani, ni suala la jamii. Katika utani wa makabila ya Tanga na majirani zao, mtani huweza kumtukana mfiwa mbele ya maiti, akadai fidia, akaigiza mwendo wa marehemu, na waliofiwa wakacheka katikati ya machozi. R. E. Moreau, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, aliandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944 na kuonyesha jinsi ulivyoyaunganisha makabila kadha wa kadha. Mgeni asiyejua nani mtani wa nani angeona ugomvi pale wenyeji wanapoona faraja.

Linganisha sasa ngeli na adabu. Ngeli hazifunzwi kwa maelezo, na kila mtoto aliyelelewa katika Kiswahili huzijua. Adabu hufunzwa usiku na mchana: "Hujamwamkia babu?", "Pokea kwa mkono wa kulia", "Shikamoo yako iko wapi?" Pamoja na maelekezo yote hayo, wako wanaozijua vyema na wako wasiozijua. Vivyo hivyo, kila mtu huzungumza, lakini si kila mtu hutunga utenzi, na kungwi hawi kungwi bila kukaa chini ya kungwi mwingine. Tofauti hii ni kipimo kizuri. Mambo yanayopatikana na wote bila kufundishwa yana mkono mkubwa wa maumbile. Mambo yanayohitaji kufundishwa, kurudiwa na kusahihishwa yana mkono mkubwa wa jamii. Lugha na utamaduni vimefumwa kwa nyuzi zote mbili, kama ukili wa mkeka unavyofumwa kwa miyaa iliyopishana. Ukichomoa upande mmoja, mkeka haupo.

9. Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba methali mbili zilizotajwa mwanzoni hazigombani. Mtoto wa binadamu ni binadamu, na kwa hiyo anacho kipaji cha lugha. Lakini atakuwa msemaji wa lugha gani, hilo hutegemea umleavyo. Wasegeju wameonyesha kwamba lugha inaweza kuondoka huku ukoo ukibaki. Wazigua wa Juba wameonyesha kwamba lugha inaweza kubaki huku nchi ikiwa mbali. Watoto wa kambi za mkonge wameonyesha kwamba lugha inaweza kuanza upya kwa watu wasio na asili moja.

Yapo mafunzo mawili ya kiutendaji. La kwanza ni la shule. Mtoto anayefika darasa la kwanza kutoka kijiji cha Daluni au Mlalo akiwa na Kiswahili cha kuvuta, hakupungukiwa na akili. Amekwisha kujenga sarufi nzima ya lugha nyingine, kazi ambayo mwalimu wake asingeiweza katika umri alio nao. Lafudhi yake ni alama ya kipaji kilichofanya kazi, na mwalimu anayelijua hilo atamfundisha bila kumdunisha.

La pili ni la nyumbani. Herman Batibo alikwisha kuonyesha kwamba lugha za makabila ya Tanzania zinapungukiwa wasemaji hasa kwa nguvu ya Kiswahili, lugha ambayo Watanzania wanaipenda na wana haki ya kuipenda. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2001, ulitoa atlasi mwaka 2009 iliyoorodhesha lugha zipatazo 150. Kazi za namna hiyo, pamoja na kamusi na sarufi, ni hazina. Lakini kamusi huhifadhi maneno, haimsemeshi mtoto. Wala mzazi hana sababu ya kuhofia kwamba Kibondei kitamharibia mwanawe Kiswahili. Watoto wa mwambao huu wamekua na lugha mbili na tatu tangu kabla ya shule kuwapo, na maumbile hayakuweka kikomo cha lugha moja kwa kila kinywa.

Anayetaka wajukuu wake waijue lugha ya mababu hana budi kuitamka mbele yao wakiwa bado wanabebwa. Kipaji kitafanya kazi yake bila malipo wala mwalimu, lakini hakiwezi kufanya kazi juu ya ukimya. Wala lugha haitangoji damuni hadi mtoto akue, kwa sababu haikuwamo humo tangu mwanzo.